Glavu za kutupa kwa gereji na mashine za boti: ipi inahimili oili, ipi inayeyuka, na kwa nini zinachanika mapema?

KijanaWaSpana (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo.

Nataka tulizungumze jambo dogo linalokula pesa. Gereji ya mafundi wanne, pande za Mwanakwerekwe. Kazi ni servisi za gari ndogo na daladala, Vespa na pikipiki, na kila wiki mashine mbili tatu za boti. Glavu zinazonunuliwa ni zile nyeusi za boksi la mia. Matatizo ni matatu:

- zinachanika baina ya dole gumba na kidole cha shahada hata filta haijalegea
- zikipata petroli ya kabureta zinakua, zinakuwa kubwa kuliko mkono
- ndani panajaa jasho, ukivua mkono umesinyaa na oili imeingia vilevile

Madukani kila mwenye boksi anakwambia "hii nitraili hii". Mtu atajuaje? Na unene upi bora: nyembamba ubadilishe mara kwa mara, au nene udumu nayo?

---

MzeeWaGiaboksi

Waalaykum salaam.

Tatizo lako la pili limeshakujibu. Glavu inayokua kwa petroli si nitraili, ni lateksi iliyotiwa rangi nyeusi. Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira. Mpira huo na mafuta ya ardhini wanakaribishana: mafuta yanaingia ndani ya mpira kama maji kwenye sponji, mpira unavimba, unalegea, nguvu inakwisha. Usiitukane lakini, ina sifa zake. Inavutika kuliko zote, inabana mkono vizuri, na kwa mafuta ya breki, hii DOT 3 na DOT 4, inatulia kabisa. Kwa oili, grisi, dizeli na petroli usiitumie.

Nitraili ni mpira wa kiwandani, ukoo mmoja na sili za injini. Tazama oili sili ya krenki: inaogelea kwenye oili moto miaka na haivimbi. Basi glavu ni mpira huohuo umefanywa mwembamba. Na ukitaka kujua udhaifu wake, tazama breki: sili za breki hazitengenezwi kwa nitraili, zinatengenezwa kwa EPDM, mpira mwingine wa kiwandani, kwa sababu mafuta ya breki yanaivimbisha nitraili. Kwa hiyo ukitoa hewa kwenye breki umevaa nitraili, matone si tatizo, ila ikilowa ibadilishe.

Vinili ni plastiki ya PVC iliyotiwa kilainishi. Mafuta yanakitoa kile kilainishi, glavu inakakamaa halafu inapasuka. Haivutiki, kwa hiyo hata bila mafuta inaachia penye kidole gumba. Kwa kukatia mkate inafaa. Gereji hapana.

---

BintiGrisi

Naongeza namna ya kupima, maana maneno ya kwenye boksi yanachapishwa na yeyote. Utapata "nitrile" kwa herufi kubwa halafu chini kwa herufi za sisimizi imeandikwa "blend" au "synthetic". Hiyo ni vinili iliyochanganywa na nitraili kidogo. Si bandia kisheria, ila si ulichokuja kununua.

Nunua boksi moja kwanza, fanya haya kabla hujachukua katoni:

Kipimo cha petroli. Kata kidole kimoja cha glavu, kipime urefu kwa rula, kitie kwenye kopo la petroli nusu saa. Toa, panguza, pima tena. Lateksi itakuwa imerefuka wazi wazi na imelegea kama ngozi ya maziwa. Vinili itakuwa ngumu, hasa ikishakauka. Nitraili nayo itabadilika kidogo, lakini ukiivuta inarudi.

Kipimo cha waya wa shaba. Waya mtupu uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na rangi ya kijani. Ukiwa bado wa moto ugusishe kwenye glavu uyeyushe kidogo, urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kibichi, mna klorini, maana yake PVC. Fanya nje, upepo ukupe mgongo, kwani moshi wake una asidi. Tahadhari moja: nitraili nyingi zisizo na unga huoshwa kwa klorini upande wa ndani, zinaweza kutoa ukijani wa kupita tu. Vinili inawaka kijani na kuendelea.

Kipimo cha mizani. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kuharibu kitu. Glavu ya kliniki ya saizi M ina uzito wa gramu 3 hadi 4. Ya gereji ya unene wa kati inafika 5 au 6, nene yenye mikwaruzo ya umbo la almasi inapita 7. Chukua glavu 10 za boksi uweke juu ya mizani ya duka: gramu 35 ni za kliniki, hata boksi lichorwe injini na moto.

Kipimo cha maji. Tia lita moja ya maji ndani ya glavu, shika juu, iangalie dakika mbili. Ndivyo hata viwandani wanavyotafuta matundu. Chukua tano kutoka sehemu tofauti za boksi, si tano za juu. Ile AQL 1.5 kwenye boksi ndiyo kiwango cha matundu kinachokubalika kwa glavu za hospitali. AQL 4.0 ni legevu zaidi. Namba ndogo ndiyo nzuri.

---

DukaniDarajani

Sie wauzaji msitupige mawe wote 😄

Nieleze unene maana hapo ndipo wateja wanapochanganyikiwa. Boksi likiandikwa 6 mil si milimita 6. Mil moja ni sehemu ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025. Kwa hiyo:

3 mpaka 4 mil = milimita 0.08 hadi 0.10 (kliniki, saluni)
5 mpaka 6 mil = 0.13 hadi 0.15 (gereji ya kawaida)
8 mil = 0.20 (nzito, mara nyingi ya chungwa au nyeusi yenye almasi)

Na unene unaotangazwa ni wa ncha ya kidole. Kiganja chembamba zaidi, kifundo chembamba kuliko vyote. Ukiwa na venia (kipimo cha unene), bana ncha ya kidole ikiwa bapa, matabaka mawili pamoja, ugawe kwa mbili.

Hesabu vipande pia. Boksi la mia ni jozi 50. Zile nene zinakuja 50 kwa boksi, na za XL mara nyingi ni 90 badala ya mia. Gawa bei kwa idadi ya vipande kabla hujasema la huyu rahisi.

---

BintiGrisi

> DukaniDarajani: Sie wauzaji msitupige mawe wote

Wewe si mbaya yakhe, ila boksi usiliweke dirishani juani. Jua na joto vinaua mpira, na motoa za umeme na kompresa zinatoa ozoni inayoukausha. Glavu iliyozeeka utaijua penye mkunjo: inapasuka mistari midogo hata kabla ya kuvaliwa.

---

Mkemia_Vuga

Kuna kitu kikubwa kuliko unene hamjakitaja: herufi.

Glavu iliyopimwa kwa kemikali ina mchoro wa chupa ya maabara na maandishi EN ISO 374-1, halafu Type A, B au C, na kwa A na B, chini ya mchoro herufi. Kila herufi ni kemikali moja. Zinazowahusu:

B ni asetoni
D ni daikloromethani, iliyokuwamo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi
F ni toluini, kiini cha tina nyingi (za kuzimulia rangi)
J ni heptani, ndugu wa karibu wa petroli na mafuta mepesi
K ni soda kali (sodiamu haidroksaidi) ya 40%
L ni asidi ya salfuriki ya 96%
P ni haidrojeni peroksaidi, T ni fomalini

Type A maana yake imezuia kemikali sita au zaidi kwa dakika 30 au zaidi kila moja. Type B tatu kwa dakika 30. Type C moja tu kwa dakika 10.

Sasa linganisheni. Glavu nyingi nyembamba za nitraili zina Type B na herufi KPT. Mtu anasoma "chemical resistant" anafurahi. KPT ni soda, peroksaidi na fomalini. Hamna J, hamna F, hamna B. Haisemi chochote kuhusu petroli wala tina. Glavu ya gereji itafuteni yenye J. Ikiwa boksi lina EN 455 peke yake, hiyo ni ya tiba: imepimwa matundu, nguvu ya kuvutika na mengine ya hospitali, si kemikali za gereji.

Na zile dakika 30 ni za maabara: kipande cha glavu kimetulia, nyuzijoto 23. Mkononi mwa fundi Unguja mwezi wa pili, glavu imevutwa, ina joto la mwili na inasuguliwa. Kata muda.

Jambo moja la kuelewa: kemikali haihitaji tundu. Inapita katikati ya mpira, taratibu, kama harufu ya kitunguu inavyotoka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Glavu inaweza kuwa nzima kabisa machoni na toluini ipo upande wa ndani. Ukihisi ubaridi kwenye ncha za vidole, imeshapita.

---

KijanaWaSpana

Hapa nimeelewa kwa nini mikono inanuka petroli na glavu nzima. Shukran.

Basi dawa ya kupuliza kabureta na ya breki? Hizo tunazitumia kila siku.

---

Mkemia_Vuga

Hizo ndizo mbaya kuliko petroli. Soma kopo. Ukiona asetoni, toluini, methanoli au daikloromethani, nitraili ya kutupa inakupa dakika chache, na kwa daikloromethani na asetoni hata hizo chache usizitegemee. 8 mil inasaidia kidogo, haibadilishi hukumu. Asetoni inataka mpira wa butili, glavu nzito za kuosha na kurudia.

Kwa hiyo kwa dawa za kupuliza: usishike kijiko cha kabureta mkononi ukakipulizia. Kiweke kwenye sinia au ukining'inize kwa koleo. Ukirushiwa, vua hapohapo. Usingoje umalize.

---

NahodhaFundi_Mkokotoni

Mmezungumza gari, niseme ya baharini.

Oili ya gia ya mashine ya boti. Unafungua skrubu ya chini kwanza kisha ya juu ili hewa iingie, inashuka. Skrubu ya chini mara nyingi ina sumaku, na kwenye sumaku mna vipande vya chuma vyembamba kama sindano. Fundi anaifuta kwa dole gumba lenye glavu, glavu inatoboka tundu usiloliona, halafu ndani ya dakika kumi vidole vinanukia oili ya gia, na harufu ile haitoki wiki. Futa kwa tambara. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji ya chumvi yameingia, tafuta sili ya shafti ya panga boi. Wakati wa kujaza, jaza kutokea chini mpaka itoke tundu la juu, funga ya juu kwanza. Hapo glavu inatapakaa oili na skrubu inateleza, kwa hiyo glavu yenye mikwaruzo ina thamani kuliko unene wake.

Nyuma ya panga boi daima angalia mshipi uliojisokota. Usiuvute kwa kidole cha glavu, unakata mpira na ngozi pamoja.

Deheni. Wenye majahazi na mashua za mbao bado wanapaka shahamu na chokaa. Chokaa inakula ngozi, shahamu inakula lateksi. Nitraili inahimili vyote viwili, na kwa kazi hii hata ile ya KPT iliyosemwa vibaya hapo juu inafaa, maana K ni dawa kali za upande wa chokaa. Chukua yenye mkono mrefu, inchi 12 (sentimita 30), kwani ukipaka chini ya chombo deheni inateremka mpaka kiwiko. Za kawaida ni sentimita 24, zinaishia kifundoni.

Kwenye mbavu za chini zilizoota uchafu mkali wa bahari usihangaike na glavu za kutupa kabisa. Vaa za ngozi au za uzi zilizochovywa mpira.

---

MpembaWaKonde

Nahodha umesahau faiba (fibaglasi), na huko ndiko glavu zinakoisha kama njugu.

Rezini ya poliesta ina staireni, na staireni inapita nitraili nyembamba upesi. Vaa mbili mbili. Ya ndani rangi moja, ya juu rangi nyingine, buluu chini na nyeusi juu kwa mfano. Ya juu ikichanika rangi ya chini inachungulia, unajua. Kila dakika 10 hadi 15, au rezini ikianza kugota kwenye vidole, vua ya juu tu uvae nyingine. Usioshe glavu kwa asetoni ukiwa umeivaa. Ndilo kosa la kila fundi wa faiba: anachovya mikono kwenye ndoo ya asetoni ili asibadilishe glavu. Asetoni inavimbisha nitraili, inabeba rezini, inaipitisha mpaka kwenye ngozi. Umejipaka kwa mikono yako.

Kichocheo (kile cha MEKP, asilimia 1 hadi 2 ya rezini) kiogope zaidi kwa macho kuliko mikono. Tone moja jichoni ni balaa. Miwani kwanza, glavu baadaye.

Na hakuna glavu za unga kwenye faiba wala rangi. Unga ule ni wa mahindi. Ukidondoka kwenye tabaka, tabaka halishiki. Marekani zilipigwa marufuku za unga hospitalini mwaka 2017 kwa sababu za kiafya, lakini boksi zake bado zinazunguka.

---

Zuhura_Vespa

Nami niingie na waya wa klachi. Vespa ina waya mpaka kwenye usukani, na waya ukianza kukatika nyuzi moja moja zinasimama kama miba ya nungunungu. Glavu ya 4 mil inatoboka mara ya kwanza unapoupitisha waya, na mafundi wanalaumu glavu. Hakuna nitraili ya kutupa inayozuia ncha ya waya. Hata 8 mil. Glavu za kutupa hazizuii kukatwa wala kuchomwa, zinazuia uchafu.

Orodha ya vitu vinavyochana kwenye chombo, ili ujue pa kubadilisha mkono: klipu za hozi za skrubu (mkia wake), pini za kupasua, mapezi ya rejeta, ncha za gasketi ya bati, mabati ya chini ya bodi, na nyuzi za waya. Kwa hizo vaa glavu ya uzi iliyochovywa mpira kiganjani *juu* ya nitraili. Ya juu inazuia makali, ya ndani inazuia oili.

Tatizo lako la kwanza, kuchanika penye dole gumba, ni saizi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiganja penye vifundo vya vidole bila dole gumba, soma inchi. Inchi 8 (milimita 203) ni M kwenda L, inchi 9 (229) ni L kwenda XL, inchi 10 (254) ni XL. Mafundi wengi wananunua L kwa mazoea. Ikibana, ukishika spana mpira wa pale pembeni mwa gumba tayari umevutwa mpaka mwisho, na mkono wenye jasho ukiusukuma ndani ndio unamalizia. Ikipwaya nayo, ncha zinanaswa kwenye nyuzi za nati.

---

KijanaWaSpana

Hilo la kipimo nimelifanya sasa hivi hapa. Watatu kati ya wanne ni 10 kasoro robo. Tunavaa L 🤦🏾

Jasho je?

---

Zuhura_Vespa

Jasho halikatazwi Unguja, linapangwa.

Vaa mkono ukiwa mkavu kabisa, futa hata maji ya udhu baina ya vidole, kwani mkono wa maji unaifanya glavu ikwame na unaivuta kwa kucha. Kata kucha, vua pete. Puliza kidogo kwenye mdomo wa glavu ivimbe, halafu ingiza. Usipake vaselini chini ya lateksi, ni mafuta, inaivimbisha kutokea ndani.

Chini vaa glavu nyembamba za pamba zisizo na vidole au zenye vidole, zinauzwa kwa dazeni. Zinanyonya jasho na unazifua kila jioni kwa sabuni ya unga. Vidole visivyofunikwa ni bora kwa nati ndogo.

Halafu usikae nazo saa nzima. Mkono uliolowa ndani ya glavu kwa muda mrefu ngozi inalainika, na ikilainika kila kinachopita kinapita upesi. Kila kazi ikikatika vua, pumzisha, kausha.

---

Kijiwe_Kikwajuni

Haya yote mnaifanya gereji hospitali. Mafundi wa zamani mikono mitupu, jioni wanaosha kwa petroli, wamekufa na uzee wao.

---

Mkemia_Vuga

Ami, si suala la kuwa fundi laini.

Oili mpya ni jambo jingine. Oili iliyotumika, ile nyeusi, inakusanya mabaki ya mwako, na miongoni mwake mna kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeziweka oili za madini zisizosafishwa vizuri kwenye kundi la 1, yaani vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Petroli ina benzini, nayo kundi hilohilo. Kuosha mikono kwa petroli kunatoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inapasuka, na oili nyeusi inapata njia ya kuingilia. Yaani dawa ya kuondoa ndiyo inayopitisha.

Kuosha: mafuta ya nazi kijiko kimoja na sukari au unga wa mbao laini, sugua ukiwa *mkavu* dakika moja, kisha sabuni na maji. Mafuta yanalegeza grisi, sukari inasugua. Ukianza na maji umeharibu.

---

MzeeWaGiaboksi

Na kwa wanaosali, kuna la ziada. Silikoni ya gasketi, rangi na rezini vikikauka kwenye kucha vinazuia maji yasifike kwenye ngozi, udhu unakuwa na walakini, nawe unakwangua kwa wembe adhana imeshapita. Glavu ya silikoni ni jozi moja tu na inakuokoa. Grisi inaoshwa, silikoni haioshwi.

---

MpembaWaKonde

Pasipovaliwa glavu hizi, kabla mtu hajaumia:

Drili ya mezani, leithi, jiwe la kusaga, feni na mikanda ya injini inayozunguka: hapana. Hii ya kutupa inachanika na inaweza kukuachia, za uzi ndizo zinazovuta mkono mzima. Lakini kanuni ni moja, mkono usiwe na kitu cha kunaswa.

Ekzosi ya moto na kuchomelea: nitraili inaungua na kushika kwenye ngozi. Kidonda chake kibaya kuliko cha moto mtupu.

Injini za dizeli za komoni reli: presha yake inapita baa 1,000. Usitafute uvujaji kwa kidole, glavu au si glavu. Mchirizi usioonekana unapenya ngozi na dizeli inaingia ndani ya mkono. Tundu linaweza kuwa dogo kama la sindano na lisiume sana, lakini ni la hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Tafuta kwa kipande cha boksi la karatasi.

Betri: asidi ya betri ni salfuriki kama 37%, si ile ya 96% ya L. Nitraili ya 6 mil kwa matone inatosha, ukimwagikiwa ioshe kwa maji mengi na uvue.

---

KijanaWaSpana

Basi tupange matumizi. Mafundi wanne. Ninunue kiasi gani na aina ngapi?

---

BintiGrisi

Aina mbili zinatosha, ukizidisha zitachanganywa.

Nitraili 5 au 6 mil yenye J, saizi XL na kidogo L, rangi ya buluu au chungwa. Nyeusi inaficha uchafu, na oili nyeusi juu ya glavu nyeusi hujui kama gasketi inavuja au ni mkono wako. Hii ndiyo ya kila siku.

Nitraili 8 mil yenye almasi, boksi moja moja, kwa giaboksi, grisi nyeusi ya mpira wa shafti ya mbele, difu na mashine za boti.

Kwa kazi, takriban:
servisi ya oili na filta: jozi 1
breki za mbele na nyuma na kutoa hewa: jozi 2, ya pili ni ya mafuta ya breki
mpira wa shafti: jozi 2 za nene, badilisha kabla hujashika klipu mpya
kabureta: jozi 2 hadi 3
gia ya mashine ya boti: jozi 1 ya nene

Fundi akitumia jozi 5 kwa siku, wanne ni jozi 20, glavu 40. Siku 26 ni glavu 1,040, yaani katoni ya boksi 10 na kidogo juu. Mkizivaa kwa kazi chafu tu na si kwa kufungua tairi, jozi 2 kwa siku, mnashuka kwenye 416, boksi nne na kidogo. Anza na boksi sita, uhesabu mwisho wa mwezi.

Hazifuliwi. Ukiigeuza ukaosha, oili iliyoanza kupenya inaendelea kupenya ikiwa imekaa mezani, na kesho unavaa upande ulioloana. Kuvua: bana penye kifundo kwa nje, vuta igeuke ndani nje, ishike ndani ya ngumi ya mkono wa pili, kisha pitisha kidole safi chini ya ya pili uigeuze ibebe ya kwanza. Tia kwenye pipa lenye kifuniko. Msizichome: vinili inatoa asidi, nitraili inatoa sianidi. Na msizitupe ufukweni.

Jambo la mwisho kwa mwenye vipele: vikikutoka mikononi siku moja hadi tatu baada ya kuvaa, si lazima iwe lateksi. Nitraili nyingi zina viharakishi vya kiwandani vinavyowasha baadhi ya watu. Tafuta boksi lililoandikwa "accelerator free".

---

KijanaWaSpana

Nimeelewa. Zimebaki boksi saba za zile nyeusi za lateksi. Nizitupe?

---

MzeeWaGiaboksi

Usitupe. Zitie alama kwa kalamu nene, ziwe za mafuta ya breki na za kuosha chombo kwa maji na sabuni. Ziweke rafu mbali na kopo la petroli.